Kisima Ulichokichora, Wifi

Wifi yangu Zena,

Mwanangu katoka mbio sasa hivi, miguu vumbi jekundu mpaka magotini, kaenda moja kwa moja kwa mama yako pale kwenye moto, kamwekea kadi mapajani. Kamwekea tu kama alivyokuwa anakuwekea wewe, halafu kakaa chini anamkodolea macho. Na katika kadi zote zile, kachukua ile nyeusi. Ile ya kisima.

Mimi niko kizingitini kwangu, karatasi iko juu ya goti, ndiyo maana maandishi yanapanda na kushuka. Mama hajaitupa. Mihogo inachemka mbele yake, moto unawaka vizuri, na kadi bado iko mkononi. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Akikaripia najua pa kujificha. Akinyamaza, sijui anapanga nini.

Ngoja nikueleze, maana umeondoka huyajui haya.

Tangu arobaini yako ipite, mama haniiti tena Mama Zena. Unakumbuka tulivyokuwa tunacheka? Yeye Mama Zena kwa ajili yako, kifungua mimba wake. Mimi nikazaa, ukasema mtoto wa kaka yako achukue jina lako awe somo yako, basi na mimi nikawa Mama Zena. Mtu akiita hapa uani, vichwa viwili vinageuka, na wewe ndiye unayejibu: "Mama Zena hayupo, kaenda kuolewa Masasi." Sasa ananiita "wewe". Mtoto anamwita "huyu". "Huyu kala?" "Huyu mbona hajaogeshwa?" Jina lako halimtoki mdomoni.

Na yote ni hizi kadi.

Watu hawajui zilikotoka. Mimi najua, maana ulinihadithia ukirudi kutoka Masasi, ulikokuwa unafanya usafi kwenye ile gesti. Yule mgeni mwanamke, kila asubuhi anachukua kadi moja yenye picha, anaitazama huku anakunywa chai, kisha anaandika. Wewe na umbea wako ukashindwa kuvumilia, ukamuuliza kama anapiga ramli. Akacheka. Akakwambia hapana, picha inamchokoza tu mawazo, yanatoka yaliyolala. Ukarudi huku Newala, ukakata maboksi ya sabuni, ukachora kwa kalamu ya wino na mkaa. Jogoo, ndoo, mlango, kanga kwenye kamba. Bibo lako la korosho lilitoka kama ini la mbuzi, nikakwambia hivyo, ukanuna mpaka jioni.

Mimi nilikuwa na mashaka tangu mwanzo, si unajua. Nilikuwa nakaa nyuma ya mlango, nakuambia zitoe hizo, watasema sisi wachawi. Ukanivuta mkono, ukaniketisha mkekani mlipokuwa mmezitandaza. "Wifi, kadi haikwambii neno. Wewe ndiye unayeiambia. Hata ukitaka kudanganya, danganya." Nikachukua jogoo. Nikasema jogoo huyu kaenda sokoni kumtafuta aliyemla dada yake, kila sufuria anafunua mfuniko. Ulicheka ukalala chini. Mimi mwenyewe nilishangaa, mimi niliyekuwa nikisimamishwa darasani nakojoa, kumbe nina maneno. Siku nyingine nikapata mlango, nikajikuta nasema nataka kujifunza cherehani. Sikuwahi kulisema hilo kwa mtu. Hata kwa kaka yako.

Yaliharibika kwa neno moja. Si ulikuwa unasema, "Chagua, tukuangalie"? Maana tulikuwa tunamwangalia mwenye kuchagua, uso wake unavyobadilika. Mtoto kalishika kwa ulimi wake. Ulipokuwa umelazwa hospitali kule Ndanda, alimfuata Mama Shaibu, jirani, kwenye ua wake, kamnyooshea kadi, kamwambia, "Chagua, nikuangalizie." Nikuangalizie, wifi. Kama mganga. Mama Shaibu akaja mbio kwa mama: "Mwenzangu, humu ndani kwako kuna mtoto anatazamia."

Nawe ukafa. Pale pale msibani, Mama Shaibu akaiona ile nyeusi. Akainong'ona, lakini unamjua, mnong'ono wake unasikika mpaka barabarani. "Shimo hilo, na mbao zake pembeni. Kajichorea kaburi." Mama alisikia. Niliona mgongo wake ulivyokaza.

Sasa mama kasema korosho zikianza kudondoka kadi zote zitachomwa, na mtoto abadilishwe jina. Eti mtoto mwenye jina la marehemu akichezea vitu vya marehemu, anamwita. Kaka yako anasema, mama akishasema kasema. Leo asubuhi nimeokota bibo la kwanza chini ya mkorosho. Nimelila hapo hapo bila kuosha, korosho yake nimeifunga kwenye pindo la kanga, asiione.

Nisikufiche, na mimi nimeanza kumshuku kila mtu. Mama Shaibu akileta mboga, namwaga. Kadi zenyewe nimezishuku, maana mtoto nikimwambia chagua, anatoa kisima. Nazichanganya, anatoa kisima. Nikakosa raha kabisa. Mpaka nilipoishika vizuri: kona moja imetafunwa. Aliitafuna mwenyewe alipokuwa anaota meno, anaijua kwa kidole. Moyo ukatulia. Lakini haukutulia wote. Usiku moyo huniuliza, na mimi nakuuliza wewe: ulijua? Maana ulinichekea sana siku zile za mwisho. Niambie kama ulijua.

Kisha najijibu, kwa kuwa nilikuwepo ulipoichora. Ni hiki kisima chetu cha kukingia mvua, hapa hapa uani, na huo mraba pembeni ni mfuniko wake wa bati. Ulisema ulipokuwa mdogo ulikuwa unausogeza mfuniko, unalala kifudifudi, unaita jina lako ndani, nacho kinakuitikia. "Zenaaa." Na mama anakuja na mwiko anakuchapa, halafu anakubeba huku analia yeye. Hilo tu. Hakuna kaburi.

Nimejaribu kumwambia. Kila asubuhi napiga goti, shikamoo mama, anasema marahaba, na mdomo wangu unajifunga. Mkwe utamwanzaje? Utamwambia mimi najua moyo wa mwanao kuliko wewe? Atasema nimetumwa. Atasema na mimi natazamia.

Ngoja, kaigeuza. Anaifuta masizi kwa kidole gumba. Anaisogeza karibu na moto, sijui anatafuta mwanga au anatafuta kuichoma. Wifi, nisimame au nikae? Nikikimbia kumnyang'anya, nimeyaharibu. Nikikaa, itaungua.

Mtoto kasimama. Kamshika bibi yake goti, kainamia ile kadi, mdomo karibu kabisa na lile duara jeusi, na anaita ndani yake. "Zenaaa." Kama ulivyomfundisha. Anatega sikio.

Mwiko umesimama kwenye sufuria.

Mama anasema kitu, sisikii. Kanga kaivuta usoni. Moshi huo au analia, sijui, kuni za leo ni mbichi. Kaangalia kule kwenye kisima, kaangalia kadi, kaangalia kisima tena. Sasa ananiangalia mimi. Simwamini, wifi. Nampenda, ni mama yako, lakini uso huo sijauona, siujui.

Basi acha nikuage kabla sijaitwa. Lala salama, wifi yangu mbaya, mchoraji wa maini ya mbuzi. Pumzika, usituwaze. Cherehani nitajifunza, kuna dada mmoja kule Lulindi kasema niende. Na nakuahidi, hata zikichomwa zote leo, jina lako halitoki kwa mtoto huyu. Kile kipande cha boksi ulichokiacha kitupu ninacho, nimekificha ndani ya foronya, na akijua kushika kalamu nitampa achore mwenyewe

Kaniita. Kaniita Mama Zena. Kwa sauti, mpaka Mama Shaibu kachungulia. "Mama Zena, njoo na hizo kadi zenu zote. Njoo na mkeka."

Mkeka, wifi. Mtu anayetaka kuchoma anataka mkeka wa nini, naenda, nitamwanzia na jogoo au nimwache achague mwe