Laita ya Mwavuli na Leso

Alhamisi. Mvua ilianza alfajiri na imetulia sasa hivi tu, matope mpaka mlangoni. Nimechoka lakini moyo ni mwepesi.

Mniwie radhi, ninyi mnaopita hapa kusoma. Nimekaa kimya mpaka nenosiri nikalisahau. Hawi anaota meno, na mtoto akiota meno nyumba nzima hailali.

Leo nimewasha moto wangu mwenyewe sokoni Ogwedhi.

Mtasema, sasa hiyo ni habari? Wacha nieleze. Siku ya soko la ng'ombe nauza chai na mandazi. Wachuuzi wa mifugo wanafika kukiwa bado na baridi, na ambaye chai yake iko tayari ndiye anapata wateja. Pale ni uwanda mtupu. Kibiriti kikishika unyevu hakiwaki, na kikiwaka upepo unakizima. Laita ya gesi ni hivyo hivyo. Kwa hivyo nimekuwa nikiomba kaa la moto kwa Boke, mama wa Kikuria. Kibanda ni chake, mimi amenipa kona tu. Nikichukua kaa jiko lake linapoa, chapati zake zinachelewa.

Soko lililopita alichoka na mimi.

"Nyar nam," akasema, maana huniita binti wa ziwa, "kwani huko kwenu samaki mnakula wabichi? Hapa kila mwanamke na moto wake. Ukiniomba tena, hiyo kona nampa binamu yangu."

Angenitukana ningemrudishia, lakini alisema ukweli. Na ile kona ndiyo uji wa Hawi. Baba yake yuko kwa mjengo Suna, kazi leo iko, kesho haiko.

Nikinyonyesha nikaona kwa simu video ya mtu ametengeneza laita ya kamba. Ni kibomba kidogo, kamba inapita ndani, cheche inaangukia ncha ya kamba, ncha inakuwa kaa. Haina mwali, kwa hivyo upepo hauna cha kuzima. Bando ikaisha kabla hajamaliza kueleza.

Bomba nililipata kwa mwavuli uliovunjika. Nikakata kipande cha urefu wa kidole kwa msumeno wa chuma, nikasugua kingo kwa jiwe zisinikate. Nyuma ya kinyozi nikaokota laita iliyokwisha gesi, gurudumu na kijiwe chake cha cheche bado vizima. Nikaifunga ubavuni mwa bomba kwa waya na utepe wa tyubu ya baiskeli.

Halafu nikakosea vile mtu wa ziwa angekosea. Mimi nimekua nikijua kamba ni kamba ya nyavu. Nikapitisha nailoni niliyokuja nayo kutoka kwetu. Nikapiga cheche mpaka nikachoka, hakuna kitu. Nikaijaribu kwa kaa la jikoni, ikayeyuka ikanidondokea kidole gumba. Bado kinauma nikiandika.

Nikapasua leso. Ile ya pamba niliyombebea Hawi akiwa mchanga, imechakaa mpaka unaona upande wa pili. Nililia kidogo, sitadanganya. Nikasuka vipande vitatu, vikapita kwa bomba. Cheche, tena hakuna. Kwa hasira nikaichomeka jikoni, ncha ikashika moto. Hapo hapo Hawi akalia. Nikaivuta kamba ndani ya bomba, nikaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kibichi, nikaenda kumchukua mtoto. Niliporudi ncha ilikuwa nyeusi, imezimika. Nikaisukuma nje nikazungusha gurudumu.

Ikashika.

Kumbe pamba ambayo haijaungua haikubali cheche. Ncha lazima iwe mkaa kwanza. Na ukimaliza unaivuta ndani, izimike kabla haijawa jivu, ndiyo ikubali siku nyingine.

Leo nilibeba samadi kavu ya ng'ombe ndani ya kopo la rangi, pamoja na nyasi kidogo. Hawi mgongoni, Boke amekunja mikono ananitazama. Gurudumu likateleza kwa kidole kigonjwa. Nikajaribu tena, na tena, mpaka ncha ikawa nyekundu. Upepo ukaja ule ule wetu, na badala ya kuizima ukaichochea. Nikaigusisha samadi, nikapuliza. Moshi, halafu mwali.

"Hiyo ni dawa gani?" Boke akauliza.

"Ni mwavuli."

"Mwavuli." Akacheka mpaka akashika nguzo. "Nyar nam, wewe siku moja utachoma mvua."

Kona bado ni yangu. Na kabla hatujafunga, wanawake wawili wa mboga walikuwa wameniuliza kama naweza kuwatengenezea.

Dada yangu Akoth, najua unasoma hii huko Homa Bay kabla hujafungua saluni. Niombee kwa majirani laita zilizokwisha gesi, lakini ziwe na gurudumu na kijiwe, bila hivyo ni takataka tu. Miavuli iliyovunjika, hata iliyopinda, mradi bomba liko wazi ndani. Waya mwembamba. Fulana au leso kuukuu za pamba tupu. Choma uzi mmoja kwanza, ukiyeyuka usinitumie. Zikitosha laita tatu tutaanza nazo: mbili za mama mboga, na moja ya Boke, ambaye amesema yake iwe na bomba refu kuliko langu.