Kutu Nyeupe Kwenye Bolti Zako

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na Mama hamjambo, mgongo umepunguza kuuma, na ile redio yako imepona, maana ikinyamaza yenyewe na wewe hununa. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umevunjika, na kwa jambo hili simu siiwezi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ni miezi mitatu sasa tangu urudi nyumbani. Tangi lako la zinki hapa kiwandani limepewa mgeni anayeshika vyuma kama anashika nyoka. Mwenzako Mfupi, ambaye bado anagonga kichwa kwenye kila mlango, anakusalimu sana.

Siku ile huwezi kuisahau. Mteja alitaka bolti zikae saa tisini na sita kwenye kabati la ukungu wa chumvi, lile la kupimia kutu, bila kutoa kutu nyeupe. Zako ziliitoa kabla siku moja haijaisha. Mpimaji nilikuwa mimi, binti yako. Meneja wetu, Bwana Haraka, aliisoma ripoti yangu mbele ya watu wote. Akauliza kama zinki ilikuwa nyembamba, kama maji ya kusuuzia yalikuwa machafu, kama tanuri la kukaushia lilizidi moto likaiharibu ile dawa ya njano inayoilinda zinki. Wewe ulizigeuzageuza zile bolti, ukasema labda mikono imezeeka. Miaka ishirini na sita ya kazi, kisha ukavua glavu ukaenda zako.

Baba, mikono yako haikukosea. Dawa ya njano ikitoka tangini huwa bado laini. Inataka kupumzika siku nzima ndipo ikaze, la sivyo chumvi inaipenya. Hilo ulinifundisha wewe, kabla ya mwalimu yeyote. Lakini siku ile Bwana Haraka alinisimamia kichwani, mteja anapiga simu kila saa, nami nilitaka waone kuwa naweza. Nikaziingiza kabatini mchana uleule zilipotoka kwako. Wiki iliyofuata nikapima zilizobaki kwenye kapu lilelile, zikamaliza saa zote tisini na sita zikiwa safi. Tangu hapo nilijua. Nikanyamaza, kwa sababu walikuwa wamenipandisha cheo.

Nikawa najidanganya kwamba ulikuwa umechoka, kwamba ulihitaji kupumzika. Lakini Mama aliponiambia kuwa kila jioni anakukanda mikono kwa maji ya moto ili irudishe nguvu, nililia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake nikapiga moyo konde nikamweleza Bwana Haraka yote. Akasema ripoti itaandikwa upya na jina lako litasafishwa, ila nafasi yako imeshajazwa. Yangu nikamrudishia.

Nilipotoka nikamwambia Mfupi. Wala hakushtuka. Alinieleza kwamba siku ile, ulipokuwa unazigeuza bolti, uliisoma lebo niliyoiandika kwa mkono wangu: tarehe ya kupakwa zinki na tarehe ya kupimwa ni moja. Yeye alitaka kusema, ukamkanyaga mguu. Mlipofika nje ukamwambia kuwa mtoto ndiyo kwanza anaanza, wewe unamaliza.

Kwa hiyo barua hii haikuambii jipya. Miezi mitatu umekaa na kosa langu, na kila nilipopiga simu uliniuliza tu kama nimekula.

Jumamosi nakuja. Nakuomba, Baba, usinisamehe mlangoni. Mama umwambie ukweli, au uniachie mimi nimwambie, halafu unigombeze mbele yake, kwa sauti, mpaka majirani wasikie. Ukinipokea kwa upole nitajua bado unanificha nyuma yako, na hapo mahali sipastahili.

Msalimie sana Mama, na dada akipita hapo mwambie nitamtafuta. Mungu awaweke mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako