Kelele za Mashine Yako ya Oksijeni

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza vingine.

Nyumba yetu ya Junju imepoa. Mama bado anakuwekea kiti dirishani, kisha anakiondoa mwenyewe. Mimi nimerudi chuoni, na ile kazi uliyokuwa ukinitania kwayo, ati Kadzo anachora kelele, nimeimaliza.

Nimeimaliza ukiwa umekwenda.

Kila saa ya matangazo ya vifo ulikuwa unazima mashine ya oksijeni, maana ikiwaka redio inakoroma tu, hata ukitia betri. Mama akigomba, wewe, pumzi juu juu, unamjibu, "Azikwe mwenzangu nisijue?"

Mashine ilikuwa inarudisha kelele kwenye waya za stima, nazo zinaitawanya nyumba nzima. Nilitaka kuitengenezea chujio, kifaa cha kuizuia kelele isiingie kwenye waya. Ila kwanza nilitaka kuichora kelele kwenye kompyuta, nijue inapita wapi, nisije nikachezea kitu unachopumulia. Hesabu zikakataa kuoana na vipimo nilivyochukua nyumbani. Kumbe nilichora waya peke yake, na za kwetu zimepita karibu kabisa na mabati ya paa, kelele inarukia humo. Nilipoongeza mabati, hesabu zikakubali. Nikakimbia kukwambia, nikakuta umeshapelekwa hospitali. Hukurudi.

Jioni ya tangazo lako Mama alifungua redio. Likasomwa jina lako, la Mama, langu, na siku ya mazishi. Kila neno lilisikika, Baba, kwa sababu mashine ilikuwa imezimwa. Nililia mpaka Mama akaacha kulia ili anibembeleze.

Daktari anasema si kule kuzima kulikokuondoa. Siku nyingine namwamini.

Chujio nimelifunga. Tuliwasha mashine yako, na redio ikasema vizuri kabisa. Mama alisikiliza taarifa ya habari hadi mwisho, akaenda jikoni.

Sasa kanisa linampelekea mashine hiyo rafiki yako Mzee Charo, kifua kinamsumbua. Na yeye matangazo ya vifo hayampiti, unamjua. Nakuahidi nitakwenda nayo mwenyewe, niyapime mabati na waya za kwake, nisiondoke mpaka nimwone anapumua huku anasikiliza.

Lala, Baba. Mzee Charo alikusikia ukitajwa redioni, ndipo akaja kukuzika.

Mwanao,
Kadzo