Salamu Isiyoitikiwa

Bakoba, Jumapili usiku

Bado nina hasira na Deo, ingawa najua alitaka kumfariji mama. Kaka yangu huyu alikusanya zile sauti alizokuwa akitutumia marehemu baba kwenye simu, akailisha akili mnemba ili iongee kwa sauti yake. Leo, nyumbani Kimwani, akamsogezea mama simu.

"Mama Deo, habari za siku nyingi?"

Ilikuwa sauti ya baba kabisa, hata kile kikohozi chake.

Mama aliacha kumenya ndizi. Akapiga magoti mbele ya simu, kama alivyomsalimia baba miaka yote, akamwamkia kwa Kihaya. Akasubiri aitikiwe, ndipo ainuke.

Simu haikuitikia. Iliendelea kwa Kiswahili kizuri, ikiuliza kama mvua zimenyesha. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani isinyamaze.

Mama alibaki pale chini, macho kwenye mkeka, mikono imejaa utomvu. Deo alikuwa akitabasamu, mpaka alipoona mama hainuki.

Nikamshika mama mkono, nikamwinua mimi.

"Huyo siye," akasema, akichukua kisu chake. "Baba yenu hakuwahi kuniacha magotini."