Kiti cha Mbele cha Lori la Kijani

Maskati,
Ijumaa jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Ni mimi Doto, nakuamkia kutoka huku kwenye joto, nikiomba barua hii ikukute umepumzika baada ya pilikapilika za wageni, na baba anakula vizuri. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umekuwa mzito tangu jubilei yenu ya ndoa, na kila nikishika simu naiweka tena chini, kwa hiyo nimeona niandike. Atakayekuletea ni mwenzangu wa kazini, mtu wa Mtendeni pale Tabora mjini, anakuja likizo.

Sijawahi kukusimulia nililipata wapi lile lori. Lilikuwa limetupwa nyuma ya gereji ninayofanyia kazi huku, lori la Kiingereza la zamani lenye pua ndefu, mbuzi wanalala chini yake. Nilipoliona tu nikamwona baba. Lilikuwa sawa kabisa na lile alilokuwa akibebea tumbaku kutoka Urambo, lori la tajiri wake. Mwenye gereji alicheka, akasema jua limenipiga kichwani, akaniachia. Ijumaa wenzangu wakienda kutembea, mimi nilikuwa chini ya yale machuma. Sakafu yote ilikuwa imeliwa na kutu, injini imekwama, na klachi niliitoa kwenye gari jingine bovu nikaikaza kwa matusi na maombi.

Nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Tulipokuwa wadogo ulikuwa unapanda lile lori kutoka sokoni Tabora kurudi nyumbani Kigwa, na hata siku moja hukukaa mbele. Kiti kile kilikuwa cha tajiri na karani wake, kiwe na mtu au kiwe kitupu. Ulikaa nyuma juu ya magunia, vumbi limekujaa mpaka kwenye kope, umetukumbatia mimi na pacha wangu Kulwa, na baba anaendesha kimya. Nilitaka siku ya jubilei mkae mbele wawili, lori likiwa lenu, bila kumwogopa mtu.

Liliposhushwa melini Dar es Salaam, Kulwa alilifuata, akalipeleka mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini, likaundiwa bodi ya mbao za mninga. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania lipakwe kijani kilekile, na mstari mweupe mlangoni. Kulwa aliniuliza kama ni lazima. Nikamwambia bila rangi hiyo nimefanya kazi bure. Nilijua baba anasahau, lakini nilidhani rangi ile itamrudisha kwetu. Kumbe ilimrudisha kazini.

Video ya siku ile nimeiangalia mara nyingi kuliko inavyofaa. Baba anatoka ndani na suti yake, anazunguka lori, anapiga tairi teke kama zamani, anapanda upande wa usukani. Wewe unafika mlango wa pili umependeza na kitenge chako, Kulwa amekufungulia. Baba ananyoosha mkono, anakuzuia. Anasema kitu ambacho sikukisikia kwa vigelegele vya mashangazi. Nawe bila ubishi unazunguka nyuma, unakanyaga tairi, unavutwa juu kwenye bodi, na padre anawasubiri kanisani.

Nilikasirika, mama, nisikufiche. Nilimpigia Kulwa nikamfokea, kwa nini hakumtoa mzee kwenye usukani, kwa nini watu wazima wote wale walisimama tu wakitazama. Aliniacha nikamaliza. Ndipo akaniambia alichosema baba: "Veronika, panda nyuma upesi, tajiri asije akakuona. Nitakushusha Kigwa." Nanyi mko Kigwa hapo hapo, mlangoni kwenu. Kulwa akajaribu kukushika mkono, akuombe usubiri amweleweshe mzee, nawe ukamwambia, "Niache nipande. Ameniita jina langu."

Mwaka mzima sasa anakuita nesi. Anakushukuru kwa uji, anakuuliza zamu yako inaisha saa ngapi. Namchukia yule tajiri, Mungu anisamehe, maana amekufa zamani na bado kiti ni chake. Nalia pia kwa sababu ni huko tu, kwenye utumishi wake, baba anakokukuta. Kwetu sisi wa leo hakujui wewe ni nani.

Kulwa anataka kulipaka lori bluu, ili baba asilikumbuke na wewe ukae mbele kama watu wengine. Nimemkatalia. Rangi ibaki ilivyo.

Nisalimie shangazi yetu mkubwa, yule mwanakwaya, mwambie sauti yake ya vigelegele imefika mpaka huku. Nisalimie mke wa Kulwa, aliyekushonea kile kitenge. Mjomba aliyejifanya mpiga picha naye mwambie nimekiona kidole chake zaidi ya nilivyoiona keki. Baba mshike mkono tu, useme kuna dereva mwenzake wa mbali anamwamkia.

Nimemwagiza Kulwa afunge godoro nyuma kwenye bodi, na aweke ngazi fupi. Akikuita tena, mama, panda.

Mimi mwanao ninayekupenda,
Doto