Shairi la Moto Uliozimwa

Dada yangu,

Mimi mzima, na paa halivuji tena. Ila kiti changu cha kunyolea sasa kinakaliwa na vumbi. Tangu nitunge shairi kwamba Mungu aliuzima moto wa jehanamu kwa kutovumilia vilio, watu wananipita kama sipo. Mhubiri anasema nimewaondolea watu hofu, sasa watazuiwa na nini?

Jana alikuja mwenyewe, akakaa, akafumba macho. Unakumbuka mwanawe alijiua. Nilipomfuta povu akaniuliza taratibu, "Una hakika na lile shairi?"

Nikamwambia ninayo. Akaondoka bila kuniaga, na leo amenisema tena mbele ya watu.

Hakika yenyewe sina, dada, na hapa hakuna wa kumwambia hivyo.

Mdogo wako,
Kinyozi