Koti la Kaki Songo Songo

Bakari,

Koti lako la kaki liko Songo Songo na linavaliwa. Naanza na hilo kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuweka zito mbele na porojo nyuma, miaka yote uliyopanga herufi za habari zangu na kunirudishia zile zilizokuzungusha.

Mahali pako kiwandani amekaa mpanga herufi mpya. Anakosea majina ya watu, na anapiga mluzi tangu asubuhi mpaka mtambo unapozimwa. Ungemfukuza.

Zuhura yuko edani tangu ilipofika habari kwamba umefia kisiwani. Nilipokwenda kumpa pole alizungumza nami kutoka nyuma ya pazia, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyelia. "Shemeji, mwanamume haendi kisiwani peke yake kuvuta hewa. Bakari alikuwa na mke kule." Nikamwambia labda ulichoka. Akasema, "Kitanda hapa hakipo?" Kisha akanieleza kwamba hatakuwia radhi mpaka ajue. Shangazi zako wamemsihi, imamu amemsihi, amekataa. Sikupenda ulale kaburini na kinyongo cha mkeo juu yako. Lakini jibu la kumpa sikuwa nalo, maana, nisikufiche, nami nilimwamini yeye kuliko nilivyokuamini wewe.

Nikaomba likizo kama ulivyoomba wewe. Meli mpaka Kilwa, mashua mpaka kisiwani. Nilishuka peke yangu, sina bidhaa, sina ndugu wa kumwulizia. Bibi aliyenipangisha chumba aliniuliza, "Umekuja kufanya nini, baba?" Nikasema kupumzika. "Kupumzika kutoka wapi?" Nikipita, wanawake waliwaita watoto wao ndani. Nikikaa barazani penye kahawa, mazungumzo yalikatika, mmoja akakumbuka ana shughuli, wa pili akamfuata. Nilijua wananificha kitu. Kila mwanamke aliyejifunika uso kwa kanga nilimhesabu mjane wako. Watoto niliwatazama masikio, maana yako yalichomoza.

Ijumaa, watu walipotoka kuswali, nikaliona koti. Doa la wino kwenye kiwiko cha kulia; koti jingine la namna hiyo halipo. Lilikuwa mwilini mwa mwanamume mfupi aliyeketi akipasua samaki wa ng'onda. Nikajiambia: huyu ndiye shemeji yake Bakari, ndugu wa yule mke.

"Koti hili umelipata wapi?"

"Nimerithi."

"Kwa nani?"

"Kwa lile gogo la Dar es Salaam. Lizito! Lilitutoa jasho mpaka kaburini. Hata kufa halikujua, likachagua jua la utosini." Watu wakacheka. "Na mkewe nasikia ni wangu pia. Mwambie ajitwike vyungu vyake aje, mimi simfuati mtu."

Nilimkamata ukosi, Bakari. Nimewahoji wauaji mahakamani na sikuwahi kunyanyua mkono. Naye hakupigana. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Kaka, kwenu hamna watani? Mimi Mngindo. Yeye Mmatumbi. Ulitaka aoshwe na nani?"

Nikamwachia. Nayajua mambo ya watani kama anavyoyajua kila mtu. Mtani ndiye anayekuosha na kukuchimbia kaburi, ndiye anayekutukana mbele ya wanaolia ili walie kwa nafasi, na nguo zako ni haki yake. Nimeyaona kwenye matanga mengi. Lakini mimi nilikwenda kutafuta mke, kwa hiyo kila nilichokiona kilikuwa cha mke.

Ndipo akaweka kisu chini akanieleza, bila mzaha. Mke hukuwa naye. Ulikuwa unakaa ufukweni, unatazama maji, unakula, unalala. Hilo ndilo lililowatisha. Mtu mzima, peke yake, hafanyi kitu: wakasema ni mumiani, amekuja kuchagua wa kumnyonya damu. Homa ilipokushika, bibi mwenye nyumba alikusikia ukiugua akafunga mlango wake kwa komeo. Hakuingia mtu. Mngindo huyu alipita chini ya dirisha akakusikia ukiweweseka kwa Kimatumbi, unamwita mama yako. Akawaambia wenzake, "Mumiani hana mama. Huyo ni mtani wangu." Akaingia, akakunyanyua kichwa, akakunywesha maji. Lakini ulikuwa umeshakwenda mbali.

Niliwauliza na wengine, mmoja mmoja, mbalimbali. Maneno yao yalilingana. Bibi mwenye nyumba alilia kabla sijamaliza swali. Bado kitu kimoja hakikuniingia: ulifuata nini? Basi siku ya mwisho nikakaa pale walipoonyesha kuwa ulikaa. Hapana mtambo, hapana anayekuita jina. Adhuhuri ilipita sikuisikia. Nimeelewa kidogo. Sisemi nimeelewa chote.

Niliporudi nilimsimulia Zuhura mwanzo mpaka mwisho, na la mlango sikulificha. Kisha akauliza neno moja: "Alikufa na kiu?"

Nikamwambia hapana, ulipewa maji. Nikamweleza Mngindo anavyomdai. Akacheka, na kicheko kikamgeukia katikati, nikangoja amalize.

"Nimemwia radhi," akasema. "Lakini eda ikiisha, shemeji, nipeleke nikaone mwenyewe."

Hivyo ndivyo alivyo mkeo. Nitamleta, hilo nakuahidi. Kaburi lako nililipalilia kabla sijaondoka, na tulipoagana Mngindo alisema siku mkeo atakapokuja yeye atakaa nje ya uzio asitukane mtu mpaka Zuhura amalize dua. Sijui kama ataweza.

Pumzika, ndugu yangu. Hapo ulipo sasa hakuna wa kukuuliza kwa nini uko peke yako. Mola akupanulie nafasi.